Mgongo wa Picha

— Funika mgongo, Nusaiba. Gundisha ile karatasi ya kaki, tumalize.

— Mbona una haraka na mgongo? Wenzako hunihimiza nisafishe kioo.

Emery akacheka kicheko cha kulazimisha, akambusu kipajini, akatoka.

Nusaiba, binti wa Tanga, ni fundi fremu pale Doornfontein, Joburg, na fundi fremu huona wasichokiona wageni wa maonyesho: nyuma ya picha. Emery ni Mkameruni aliyejifunzia Kiswahili kwa Wakongo wa Rosettenville. Picha zake tisa zote zilikuwa na alama ya dole gumba, rangi ya buluu, nyuma kwenye kona. Ijumaa zinatundikwa kwenye maonyesho ya wachoraji wa Kameruni. Jumapili wanafunga ndoa.

Na moja kati ya hizo ndiyo iliyomponza Nusaiba. Mwanamke mwenye mwanya, amekaa kitako, Nusaiba mwenyewe! Siku Emery alipoileta alimwambia, "Nilikuchora mbele ya kukujua. Nilikuota." Nani asingeyeyuka, jamani?

Sasa akaweka gumba lake juu ya lile la buluu. Likaenea sawasawa. Vidole vya Emery vinene kama mihogo. Alama hii haikuwa yake. Kisha ikamjia harufu ya rangi mbichi, ilhali picha zile zimekauka miaka. Wala haikuwa mara ya kwanza. Wiki nzima alikuwa akihisi mtu amesimama nyuma yake, anasubiri kuitwa jina.

Ujumbe ukaingia. Ni Jeannine, Mkongo msimamizi wa maonyesho:

"Dada, kituo cha sanaa cha Douala wanatafuta kazi za msanii wao, Murielle. Walimlea tangu akiwa binti, wakampa chumba cha kuchorea. Akafia huku Joburg. Alama yake ni gumba nyuma ya picha. Umeona kitu kama hicho? Sura yake hii hapa."

Akaifungua. Mwanya uleule. Macho yaleyale. Ni kama yeye mwenyewe, anacheka, kwenye mji ambao hajawahi kufika.

Akapiga simu.

— Emery, Murielle ni nani?

— Nani alikuambia hiyo jina?

— Nakuuliza!

— Alikuwa mke yangu. Miaka sita sasa iko kaburini. Tangu siku ile mkono yangu haichore tena, Nusaiba. Jeannine akaomba picha, mimi sina hata moja...

— Ukatoa zake, kwa jina lako.

— Bila picha mimi ni mtu bure.

— Na mimi je? Uliniota mimi, au ulimtafuta yeye ukaniokota mimi?

— Niko nakupenda! Funika mgongo, mama. Nani atajua?

— Yeye anajua. Yumo humu, namsikia harufu.

Akakata simu, akalia peke yake, gundi ikimkaukia mkononi. La kuvunda halina ubani, sembuse karatasi ya kaki.

Ijumaa saa kumi ukumbi ukajaa. Picha tisa zimetazama ukuta, migongo nje, alama tisa za buluu.

— Eish, dada! Umezitundika kinyume? Jeannine akanong'ona.

— Hivyo ndivyo.

Emery akaingia na suti yake, akaganda mlangoni. Kisha akasogea taratibu, akagusa gumba la kwanza, akagusa la pili. La tatu likampigisha magoti. Mwanaume akalia mbele za watu.

— Ni za Murielle. Mke yangu. Mimi sikuchora hata moja.

Jeannine akazigeuza moja moja. Emery akamfuata Nusaiba, macho mekundu.

— Nimesema. Siri haiko tena. Jumapili iko palepale, eh?

Nusaiba alimpenda, tusidanganyane. Alimpenda kufa. Akamshika uso kwa mikono miwili.

— Nitazame vizuri. Unamwona nani?

Emery akamtazama. Akamtazama tena.

— Mu...

Akajiziba mdomo. Lakini jina lilishatoka.

Nusaiba akavua pete, akamwekea kiganjani, akaenda pembeni kumpigia mjomba wake kule Bertrams.

— Mjomba Twalib, waambie watu Jumapili wasije.

— Astaghfirullah! Kuna nini tena?

— Bwana harusi ana mke.

— Ana mke! Yuko wapi huyo mke?

Nusaiba akageuka. Ukumbi mzima ulikuwa umemzunguka yule mwanamke wa pichani mwenye mwanya. Harufu ya rangi haikuwepo tena.

— Yupo hapa, mjomba. Watu wanamwangalia.