Pipa Jeupe Nyuma ya Usukani

"Shangazi anauliza, nguo zimekauka?"

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni, nyembamba kama ya mbu.

"Bado mbichi," Sindano alinong'ona.

Maana yake: mzigo haujaonekana.

Kisha akainama ukingoni, akatapika chai yote ya asubuhi.

"Pole, mama!" Daktari wa Meno alimpigia kelele kutoka mbele, huku akihangaika na tanga. "Utazoea!"

Ukimtoa Nahodha anayewafundisha, boti ilikuwa na wanafunzi watupu: daktari wa meno, mwalimu wa hesabu, fundi jokofu na wanawake wawili waliojifanya hawajuani. Wote walijiandikisha kwa mashindano ya kuvuka bahari, wakati hata kufunga kamba hawajui. Idara ya Usalama ilikuwa na habari kwamba mtu mmoja humo angevusha viwashio vya mabomu. Nani atapekua boti ya watu wanaojifunza?

Mwanamke wa pili alikuwa kwenye usukani, nywele zikipepea, anacheka.

Chiriku. Mdogo wake Sindano, tumbo moja.

Na ndiye kiongozi wa operesheni.

Hapo ndipo palipouma. Sindano ndiye aliyemwingiza kazini. Ndiye aliyemfundisha kushika bastola ya Glock bila mkono kutetemeka. Leo Mkuu anasema, "Utamsikiliza mdogo wako." Na kama hiyo haitoshi, binti ameshika usukani siku ya kwanza tu, na boti ikamtii.

"Huyu kazaliwa majini!" Nahodha alisema, ameketi juu ya pipa jeupe nyuma ya usukani, kifua mbele. "Wewe mwembamba, njoo uone mwenzako anavyofanya."

Sindano alitabasamu. Meno tu.

Walipotia nanga kula mchana, Chiriku alimsogelea, akijifanya anaomba maji.

"Dada, mwangalie Fundi. Hatoi mkono kwenye begi lake."

"Mimi namwangalia Nahodha."

"Nahodha? Ametufundisha kila kitu!"

"Amekufundisha wewe."

"Dada, usianze."

Sindano akaenda chooni, akafunga mlango, akabonyeza saa yake ya Garmin.

"Mkuu, ni Nahodha."

"Una ushahidi, au una wivu?"

Ukweli ni kwamba alikuwa na wivu mpaka kooni. Alikuwa amemkodolea macho yule mwanamume tangu mafunzo yaanze, akihesabu kila sifa aliyompa Chiriku. Ndiyo maana aliona ambacho wengine hawakukiona. Nahodha habanduki kwenye lile pipa. Mawimbi yamlowanishe, jua limchome, yupo palepale. Ndani ya pipa kulipaswa kuwa na boti ya mpira ya kujiokolea. Yule mwalimu wa hesabu alipoegemeza mguu tu, alifokewa kama mtoto.

"Vyote viwili, Mkuu," alisema hatimaye.

Simu ilikatika.

Alasiri upepo ulipanda. Meli moja ya mizigo ilionekana mbali, imesimama bila sababu. Nahodha aliinuka.

"Geuza, uelekee kule," alimwambia Chiriku.

"Ratiba inasema turudi bandarini, Nahodha."

"Ratiba ni mimi. Na fungua hiyo kamba ya usalama kiunoni, inanikwaza. Nipe usukani."

Chiriku alifungua. Nahodha akauzungusha usukani ghafla. Tanga likahama upande kwa kishindo, boriti yake ikampiga Chiriku begani.

Chiriku akarushwa nje ya ukingo.

"Mtu majini!" Mwalimu alipiga ukelele.

Daktari wa Meno hakupoteza muda. Alilikimbilia pipa, akaanza kufungua mikanda ili alirushe.

"Acha hilo pipa!"

Nahodha alikuwa na bastola.

Kila mtu aliganda. Kichwa cha Chiriku kilizama, kikaibuka, kikazama tena.

Sindano alikuwa karibu zaidi na Nahodha. Na kwa pumzi moja, moja tu, kitu kichafu kilimpitia moyoni: bila Chiriku, nafasi ya uongozi ni yako.

Kilimtia kichefuchefu kuliko bahari.

Aling'oa mpini wa winchi, chuma kizito cha kukazia kamba za tanga, akaurusha. Ulimpata Nahodha kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaenda baharini. Kabla hajashika chochote, Fundi alikuwa amemlalia mgongoni kwa kilo zake zote.

Sindano alishika usukani. Boti ilimkatalia, ikayumba. Aliilazimisha kuelekeza pua kwenye upepo, matanga yakalegea, mwendo ukafa karibu kabisa na jaketi ya Chiriku ya rangi ya chungwa. Alilala kifudifudi, akamkamata mdogo wake mkono.

"Dada," Chiriku alikohoa, "umeigeuza boti vibaya."

"Nyamaza, panda."

Sindano akabonyeza saa. "Shangazi, nguo zimekauka. Leteni kikapu."

Boti za doria zilikuja kasi. Nyingine ikaizuia ile meli. Pipa lilipofunguliwa hapakuwa na boti ya mpira wala pampu. Viwashio, vimepangwa kama mayai kwenye trei. Daktari wa Meno alikaa chini, akashika kichwa.

"Kwa hiyo tungezama katikati ya bahari, tungefungua hiki?"



Gatini, Mkuu alipiga simu.

"Hongera kwa kumsaidia mdogo wako," alimwambia Sindano. "Ameongoza vizuri sana."

"Asante, Mkuu."

Chiriku, amejifunga blanketi, alimnyang'anya simu. "Mkuu, mimi nilimfuatilia fundi jokofu mwenye begi la vidonge vya kisukari. Andika hivyo." Akaikata. Kisha akamgeukia dada yake, sauti chini.

"Nilikuona kutoka majini. Ulisita."

Sindano alifunga zipu ya koti lake mpaka shingoni.

"Kidogo," alisema.

Akaanza kutembea, mikono mfukoni, bila kugeuka nyuma.

"Dada! Nisubiri basi!"

Hakusimama.

Ila alipunguza mwendo.