Waya wa Shaba Chini ya Pikapu

Pikapu ilirudi gereji asubuhi ile ile iliyopangwa kuhamisha familia ya mwenyewe. Usukani ulikuwa unatetemeka, na mwenye pikapu alikuwa anatetemeka kuuzidi.

"Mdogo wako ametaka kuniua!" alifoka kabla hajazima injini. "Juzi kanitengenezea usukani, leo unagonga kila nikikata kona. Nilitoka kutia mafuta tu, nirudi kuwapakia watoto! Nampeleka polisi sasa hivi."

Baba yake, dereva mstaafu, aliteremka upande wa pili akifuta miwani, ile yenye mkono uliofungwa kwa waya wa shaba.

Mwenye gereji, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Spana, aliweka chini spana, akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma yake. Mtuhumiwa alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe, na ambaye aliwahi kusahau kukaza nati. Tangu siku hiyo Bi Spana aliweka sheria: kila nati ikishakazwa hupigwa mstari wa rangi nyekundu ya kucha, nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma.

"Uliikaza?"

"Niliikaza, dada. Na rangi nikapaka."

"Nitazame usoni."

"Niliikaza!"

Bi Spana hakuweza kutulia. Alilizunguka gari, kisha akavuka barabara kumwita fundi wa matairi, aliyeyasawazisha magurudumu yake jana na ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu gari bovu la gereji liegeshwe mlangoni kwake.

"Kazi yangu ni rimu," fundi wa matairi alisema kwa kununa. "Huko chini sijaingia."

Bi Spana aliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu. Yalizunguka sawasawa, na nati zake zilikuwa zimekazwa.

"Basi, samahani."

"Samahani kaa nayo. Niondolee tu lile gari bovu mlangoni kwangu."

Kisha Bi Spana alishika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, akalitikisa huku na huku. Kok. Alijilaza kwenye boksi lililotandazwa, akaingia chini na tochi.

Kwenye kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu, mstari mwekundu ulikuwepo. Moyo wake ulitua kidogo: mdogo wake hakusema uongo. Lakini nusu ya mstari ilikuwa imehama, haitazamani tena na mwenzake. Nati ilikuwa imelegezwa. Na mahali pa pini inayoizuia nati isianguke palikuwa na waya, umezungushwa mara mbili na ncha zake zimekunjwa vizuri. Alibaki pale chini akiutazama, hasira ikimpanda na huruma ikimfuata nyuma.

Alipotoka alimuuliza mwenye pikapu, "Jana gari lililala wapi?"

"Uani kwetu. Geti nilifunga mwenyewe."

"Basi sikiliza. Mdogo wangu aliikaza nati. Aliyeilegeza baadaye anayajua magari, tena hakuwa adui. Adui angeiacha ianguke. Huyu pini ilimkatikia, akahangaika mpaka akapata cha kuweka badala yake. Alitaka gari lipige kelele, lisiue." Akauweka waya juu ya boneti. "Mzee, niazime miwani yako."

Mzee aliivua, akailaza kando ya waya. Ilikuwa shaba ile ile.

"Nilitaka ligome tu," alisema. "Mkiondoka na wajukuu, mimi nitabaki nasikiliza friji. Nilijua utasikia linagonga, utarudi kabla ya kufika barabara kuu."

Mwanawe alikuwa amepauka. "Baba, watoto wakiwemo redio huwa juu mpaka mwisho. Nisingesikia kitu."

Mzee alipapasa nyuma yake mpaka akapata bampa, akakaa.

"Ungeniambia," mwanawe alisema.

"Ningekuambia, ungebaki?"

Mwanawe alichukua ile miwani, akamvisha baba yake taratibu, akakaa kando yake. Akasema, "Leo hatuhami. Tutazungumza." Kisha akainua uso kumtafuta yule ambaye yeye alitaka kumpeleka polisi, amwombe radhi.

Mdogo wake Bi Spana alikuwa tayari chini ya gari na pini mpya. Spana ililia, ikanyamaza. Mkono wenye grisi ukajitokeza ukidai rangi ya kucha. Bi Spana alimpa kichupa, akangoja.

"Tayari, dada. Njoo ukague."

"Shusha jeki," alisema Bi Spana, na hakuinama kutazama.