Kishindo na Fundi Miwani

Duka lilikuwa limefurika. Bei zimeshushwa, na mtangazaji amesimama mlangoni na kipaza sauti, anapayuka utadhani anafukuza kuku. Kati ya rafu za sabuni, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alikuwa amechuchumaa, viganja masikioni, macho ameyafumba.

Watu walimkwepa na vikapu vyao. Msichana mmoja tu ndiye aliyesimama, amevaa fulana nyeusi na buti zilizofungwa kamba hadi karibu na magoti. Alivua vizibo vikubwa vya masikio vilivyokuwa shingoni mwake, akamvisha bila hata kuomba ruhusa. Makelele yakazama. Mwanamume akafumbua macho, akaona tabasamu.

"Kichwa tu kinaniuma," alidanganya walipofika nje. "Vitu hivi umevitoa wapi?"

"Vya kazini. Napiga drams kwenye bendi ya metali, ule muziki wa magitaa ya kunguruma." Akacheka alipoona uso wake. "Usiogope, kaka, hatuli watu."

Kwenye bendi walimwita Kishindo. Mwanamume alikuwa fundi wa miwani. Alishinda chumba cha nyuma cha duka akichonga lenzi, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata kwenye simu.

"Ongea basi, mpenzi," Kishindo alimtania penzi lilipokolea. "Au mkeo yuko hapo karibu?"

"Niko na lenzi tu hapa."

"Basi nisalimie hizo lenzi."

Walipendana kweli. Lakini kuna jambo Fundi alilificha. Tangu utotoni, sauti zilimchoma. Kijiko kikikwaruza sahani, kiti kikiburutwa, yeye alisikia kwenye meno na uti wa mgongo. Shuleni walimcheka, na mwalimu alidhani anadeka. Angeanzaje kumwambia hayo mpiga drams?

Kwa hiyo alipoalikwa kwenye onyesho Jumapili mchana, alikwenda. Magitaa yalinguruma kama mabati yanayochanwa. Drams zikampiga mbavuni. Mwimbaji, jitu la miraba minne, akatoa mngurumo uliofanya sakafu itetemeke. Fundi aliganda, jasho likimtiririka, mpaka spika moja ikapiga mlio mkali wa ghafla, kama msumari kwenye kioo. Akasukuma watu akakimbia. Kishindo, mikono ikiendelea kupiga, aliuona mgongo wake ukipotelea mlangoni.

Nyuma ya jukwaa alikuta ujumbe wa Fundi kwenye simu: "Nisamehe. Siwezi."

Aliusoma akaketi chini. Aliwahi kuchumbiwa na mtu aliyempa achague, pete au drams, naye akairudisha pete. Leo tena! Fundi alipopiga simu, hakupokea. Fundi naye akaona amestahili, akanyamaza.

Wiki ilipita, kisha simu ikaita kwa namba ngeni.

"Wifi, hujambo?"

"Wifi yako nani?"

"Wewe. Mimi dada yake Fundi. Mbona umemtupa kaka yangu? Hali, halali."

"Dada, ameniambia mwenyewe hawezi."

"Hawezi kelele! Nani kakwambia hakuwezi wewe? Huyu tulipokuwa watoto, nikiangusha sufuria jikoni, tunakwenda kumtoa chini ya kitanda."

"Mbona hakuniambia?"

"Muulize. Ila mimi sikupiga simu, sawa?"

Kesho yake adhuhuri aliingia chumba cha lenzi, amevaa gauni la kijani na buti zilezile. Fundi akazima mashine.

"Ungeniambia," Kishindo alisema.

"Nikwambie nini? Kwamba kazi yako inaniumiza?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Fundi alifuta mikono yake polepole. "Haikuniumiza yote. Wimbo wa pili, drams zako zilifunika kila kitu. Vikohozi, viti, miluzi ya watu. Kichwa changu kikatulia. Hakijawahi kutulia hivyo, hata nikiwa peke yangu ndani. Halafu ile spika... sikujua inakuja."

"Na ungejua?"

"Sijui. Labda."

Kishindo akamchukua hadi chumba cha mazoezi cha bendi, ambacho kuta zake zilizibwa kwa magodoro ya zamani. Mwimbaji akatolewa nje na kikombe chake cha chai. Kishindo akapiga ngoma moja moja, akimtajia kabla.

"Sasa hii kubwa, ya mguu. Itakuja tumboni."

"Endelea."

"Sasa matoazi."

Fundi alikunja uso, akainua mkono. Kishindo akayafunika kwa taulo, hakuuliza kitu. Kisha akapiga wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho. Fundi alikaa sakafuni, viganja chini, akiufuata mdundo ukimpanda mikononi hadi kifuani. Ulikuwa mkubwa kama nyumba, na safari hii alijua kila mlango ulipo. Machozi yalimtoka.

"Imeuma?" Kishindo alishtuka.

"Hapana. Nimepumzika."

"Basi utakuja tena jukwaani?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Siku nyingine nitaingia, siku nyingine nitakusubiri nje. Lakini drams hutaziacha kwa ajili yangu."

Yule mchumba wa kwanza alikuwa amemwahidi mbingu. Huyu alimpa kilichopo tu, na Kishindo akaweka vijiti vyake chini.

Fundi akamsogelea, akamnong'oneza jambo.

"Eh?" Masikio ya Kishindo bado yalikuwa yanavuma.

"Nataka nikuoe," akarudia.

"Paza sauti, mpenzi, sisikii kitu!"

Mtu ambaye maisha yake yote aliongea kama aliye karibu na mtoto mchanga aliyelala, akavuta pumzi, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama:

"NATAKA NIKUOE!"

Mlango ukafunguliwa. Mwimbaji akachungulia, kikombe mkononi.

"Jamani, hata mimi nimesikia. Mjibu basi mwenzio!"

Kishindo alikuwa ameshajibu. Alimjibu sikioni, taratibu mno, na mwimbaji ikabidi aulize mara mbili amesema nini.