Kaya ya Majaribio

Jumatatu asubuhi Efrazia alifungua kompyuta akakuta mtu amejaza nafasi aliyoiacha wazi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, pembeni mwa mji wa Tarime. Alikuwa amefanya kazi humo peke yake wiki tatu. Ufunguo wa mlango aliuvaa shingoni, na kompyuta haikufunguka bila nywila yake. Hata hivyo jina lilikuwa pale kwenye kioo: Efrazia Kornelio.

Alidhani ni kosa la mkono wake mwenyewe. Akafuta, akahifadhi, akapakia ukurasa upya. Nafasi ikawa tupu. Akaenda kuchemsha chai.

Kazi ilikuwa ya mradi wa maji. Kata kumi na mbili za Tarime na Serengeti zilitaka kuorodhesha kaya zake mtandaoni, ijulikane kila kisima kinahudumia nani. Ezekiel, aliyesoma naye chuo Mwanza, alisimamia seva kuu akiwa Ikoma, ambako alikuwa na ajira nyingine kwenye hoteli ya watalii. Efrazia aliandika msimbo. Siku ya kwanza alipanga utaratibu: kompyuta yake igeuzwe seva ndogo, kila anachoandika akijaribu humo kabla hakijaonwa na mtu. Aandike, ahifadhi, apakie ukurasa, atazame. Kikifanya kazi, kiingie kwenye daftari la matoleo, programu inayotunza kila badiliko pamoja na saa na jina la aliyelifanya. Mwisho amtumie Ezekiel. Aliupenda utaratibu huo. Msimbo wa upande wa seva hufanya kazi nyuma ya ukurasa. Anayetazama huona jibu tu, haoni nani kaulizwa.

Fomu waliyopewa kutoka Dar es Salaam ilidai kila kaya iwe na mume au mjane. Efrazia alikuwa binti wa Kikurya kutoka Machochwe, na alijua ziko kaya ambazo fomu hiyo isingezipokea. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake; mke huyo humwita mama mkwe. Wenyewe huiita nyumba ntobhu. Basi akaongeza nafasi moja: Mke wa nyumba.

Ili kuijaribu alihitaji kaya. Juu ya mita ya umeme palibandikwa karatasi yenye jina la marehemu mwenye nyumba, na mpwa wake, aliyemkabidhi funguo, alikuwa amemweleza kwamba hakuacha mtoto. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza, saa tisa mchana. Akaandika: Mkuu wa kaya, Ghati Mogesi. Mume, hayupo. Watoto, hawapo. Mke wa nyumba, akaacha wazi. Akahifadhi.

Nyumbani kwao wangemkanya. Nyumba ya marehemu haitangazwi kuwa tupu. Kuitangaza ni kuiombea mke.

Aliporudi na kikombe cha chai, jina lake lilikuwa limerudi.

Akampigia Ezekiel.

"Eze, umeingia kwenye mashine yangu?"

"Niingie vipi? Seva yako iko ndani ya kompyuta yako. Haina hata dirisha la nje."

"Kuna mtu ameniandika."

"Kakuandika wapi?"

"Kwenye mke wa nyumba."

Ezekiel akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Hongera, shemeji! Na sisi wakwe tunakula lini?"

"Usinitanie, Eze. Nimefuta, limerudi."

"Haya, basi. Fungua daftari la matoleo. Lile halidanganyi, litakuambia ni nani."

Akafungua. Wiki tatu nzima lilikuwa jina lake, mstari kwa mstari. Kisha mstari wa mwisho: Jumamosi, saa kumi jioni. Aliyebadilisha: Ghati Mogesi.

Jumamosi umeme ulikatika saa sita mchana. Aliizima kompyuta akajilaza kichwa kikimuuma, akalala hadi Jumapili jioni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Umeona?" Ezekiel aliuliza.

"Nimeona." Akakata simu.

Aliifuta kaya yote. Ikarudi. Akarudisha kazi kwenye toleo la kwanza kabisa, fomu ile ya Dar es Salaam kabla hajaigusa, ambayo haikuwa na nafasi hiyo, na jina lake likatokea chini ya kitufe cha kuhifadhi, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuweka kitu. Ndipo aliposikia sauti kutoka chumba cha pili, sauti ya kibuyu cha maziwa kikitikiswa juu ya paja, taratibu, kwa mkono uliozoea, na harufu ya moshi wa samadi ikapita chini ya mlango, ingawa zizi la uani halikuwa limelaza ng'ombe kwa miaka.

Hakwenda kutazama. Alitia kompyuta kwenye begi, akafunga mlango, akashika njia ya kwenda barabarani, na alikumbuka vizuri kwamba alipita duka la vocha, akapita kanisa, akaona bodaboda wamekaa kwenye kivuli, akanyoosha mkono, na mkono aliounyoosha ulikuwa umeshika fagio, yeye amesimama uani nyuma ya nyumba ileile, uwanja umefagiwa, ndoo mbili za maji zimejaa, kucha zake zina samadi, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

Akampigia bodaboda mmoja, Kisyeri, aliyezoea kumpeleka sokoni. Akamtaka aje hadi mlangoni.

"Stendi," alimwambia akipanda. "Usisimame popote."

"Unawahi basi la Musoma?"

"Lolote."

Pikipiki ikaondoka. Efrazia alishika bega la Kisyeri kwa mikono yote miwili, akahesabu nguzo za umeme kwa sauti ili asipotee, nguzo ya kwanza, ya pili, ya tisa, ya kumi na nne, akasikia honi za stendi na wapiga debe wakiita Mwanza, Mwanza, akashusha pumzi, na pikipiki ikasimama.

"Dada, shuka. Tumefika."

Ulikuwa mlango uleule.

"Nilikwambia stendi!"

Kisyeri akamgeukia, amekunja uso. "Tulifika stendi. Hukushuka. Si wewe uliyesema nikurudishe, mama mkwe anasubiri maji?"

Akawasha pikipiki akaondoka bila kudai nauli.

Upande wa pili wa ua wa minyaa, Bernadetha alikuwa akipalilia mahindi. Alikuwa jirani wa Ghati wa miaka mingi, mama wa makamo, muuguzi mstaafu. Efrazia alikwenda uani akasimama karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mke wetu."

Jembe likasimama hewani. Bernadetha akajishika mdomo.

"Kwa nini umeniita hivyo?"

"Sijui. Limetoka lenyewe." Akasogea kwenye minyaa, lakini hakuivuka. Alisema kwa kunong'ona. "Binti yangu, umefanya nini humo ndani?"

Efrazia akamweleza, naye kwa kunong'ona.

"Ghati alioa msichana mmoja," Bernadetha alisema. "Hakumaliza mwezi, akatorokea Kenya. Ghati alikufa mikononi mwangu. Neno la mwisho alisema, wa pili hatavuka lango kutoka."

"Nifanyeje? Nimwite mchungaji? Mganga?"

"Mganga atakula kuku wako bure. Mke hurudi kwao ng'ombe zikirudi. Ni hilo tu."

"Ng'ombe gani, mama? Mimi sijaolewa!"

"Mpigie baba yako."

Alipiga. Aliweka sauti ya simu juu, ili Bernadetha naye asikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti iko chini?"

"Baba, kuna ng'ombe walikuja hapo?"

Mzee Kornelio alishusha sauti. "Nani kakuambia?"

"Niambie, baba."

"Wanane. Wiki tatu zilizopita, Jumanne asubuhi, nimewakuta zizini, lango limefungwa kwa ndani. Nikamwambia mwenyekiti wa kitongoji, akatangaza wiki mbili. Hakuna aliyekuja. Nikasema Mungu kajibu."

"Wana chapa gani?"

"Pajani. Duara na mkato katikati."

Bernadetha akafumba macho. "Za Ghati," alisema. "Aliziuza zote akiugua."

"Baba, warudishe. Leo hii."

"Hawapo."

"Wameenda wapi?"

"Kwa wakwe wa kaka yako. Jumamosi, saa kumi jioni, walikuwa wamevuka lango lao. Ndiyo mahari ya Emanueli. Mkewe, Precious, ameshafika, yuko hapa."

Nyuma ya sauti yake msichana alicheka, sufuria ikagonga jiko.

"Mrudishe kwao, baba. Mrudishe uchukue ng'ombe. Mimi nimeolewa kwa ng'ombe hao. Siwezi kutoka humu, nimejaribu, nakuapia, kila nikitoka narudi."

Zilisikika hatua. Mzee alikuwa akijitenga na jiko. Aliporudi kwenye simu alisema polepole.

"Emanueli ana miaka thelathini na sita. Amengoja sana. Nimwambie nini?"

"Mwambie dada yake amefungwa."

"Hapo ulipo kuna umeme?"

"Upo."

"Maji?"

"Yapo, baba."

"Kuna anayekupiga?"

Efrazia alifikiri. "Hapana."

"Basi vumilia, mwanangu. Hata mama yako alitaka kurudi kwao siku za mwanzo."

Simu ikakatika. Bernadetha aliokota jembe lake, akarudi katikati ya mahindi bila kuaga, akampa mgongo.

Ndani ya nyumba mtu aliita, si kwa ukali. Efrazia alibana meno. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akavikandamiza hadi machozi yakamtoka.

"Abee, mama," mdomo ukajibu, na miguu ikaanza kwenda.