Uliniokoa kwenye Karatasi

"Ukurasa wa sitini na tatu! Nani kaandika upuuzi huu?"

Mlango wa chumba cha mikutano uligonga ukuta. Watu waliokuwa wamezunguka meza ndefu, kila mmoja na skripti yake, wakamgeukia. Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa na umri wa miaka arobaini na nane, anachechemea mguu wa kushoto, na karatasi mkononi mwake kazikunja kama mtu anayenyonga kuku.

Vijana hawakumjua. Wakongwe wa kazi walimjua vizuri: Paka. Walimpa jina hilo enzi za filamu za Nahodha, zile tatu za kusaka hazina zilizokuwa zikijaza kumbi hadi watu wanakaa sakafuni. Yeye ndiye aliyekuwa akiruka na kuanguka badala ya mwigizaji mkuu wa kike, na kila akianguka alitua kwa miguu. Mpaka siku ya daraja.

Sasa, baada ya miaka ishirini na mbili, wameamua kutengeneza filamu ya nne. Walimwita aje awafundishe vijana kuanguka. Alikubali shingo upande, akapewa skripti, akaianza asubuhi hiyo akinywa chai. Chai aliiacha mezani.

"Paka, keti kwanza tuzungumze," alisema mwongozaji, yule yule wa zamani, ambaye wote walimwita Bosi.

"Sikuja kukaa. Nimeuliza nani kaandika."

Mwisho wa meza akasimama mwanamume mwenye ndevu za mvi. Ndiye aliyeigiza Nahodha, na dunia nzima ilimwita hivyo.

"Mimi," alisema. "Niliomba tukio hilo moja niliandike mwenyewe."

"Wewe?" Paka akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya kubana pua: "'Daraja linakatika. Nahodha anamdaka mkono. Anamwambia: Siwezi kukuacha uanguke.'" Akamtazama. "Hivi wewe huna haya? Uliniacha nianguke kweli, mbele ya kamera tatu, halafu leo unaniokoa kwenye karatasi?"



Hawa wawili walikuwa wachumba. Siku ya tukio la daraja zilibaki wiki saba wafunge ndoa. Kabla daraja halijakatwa, kazi ya Nahodha ilikuwa moja tu: kuufunga mkanda wa usalama wa Paka kwenye waya, kisha kamera zianze. Hakuufunga. Paka alishuka mita tisa, akatua kwa nyonga. Wiki ya pili hospitalini akaletewa nakala ya taarifa ya ajali. Ilisema: "Alikataa kufungwa mkanda." Chini yake, saini ya mchumba wake. Kuanzia hapo hakuna kampuni iliyomwajiri. Nani anataka mtu mzembe? Na mchumba hakutokea hata siku moja kumjulia hali.

Paka akatupa karatasi mezani, akatoka. Nahodha akamkimbilia, akamkuta kwenye korido, karibu na masanduku ya mavazi.

"Naomba unisikilize."

"Hospitali ulikuja mara ngapi?"

"Mara moja."

Paka akageuka. Hilo hakulitarajia.

"Nilifika mpaka kwenye ngazi," alisema Nahodha. "Nikakusikia unalia. Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeniuliza kwa nini nilitia saini."

"Eti ningekuuliza! Ndiyo, ningekuuliza! Ukaona bora nilie peke yangu?"

"Niliogopa. Ukurasa ule niliuandika nikitaka kukuomba msamaha. Sikujua nianzie wapi."

"Anzia kwenye ukweli. Mdomo si unao? Miaka yote hii watoto wa watu wanafundishwa, 'Usiwe kama Paka aliyekataa mkanda.' Mimi nimekuwa mfano wa ujinga! Unanielewa?"

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi ameshika ukuta, akaenda nyumbani kwa mdogo wake wa kiume, akamsimulia yote.

"Dada, bado unampenda?" mdogo wake alimuuliza.

"Nimpende? Ningekuwa na fimbo pale..."

"Sijakuuliza habari za fimbo."

 Simu ya Paka ikalia mlio wa ujumbe, kutoka kwa Nahodha.

"Kesho saa nne asubuhi tunaongea na waandishi wa habari. Naomba uje."

Akajibu: "Nije kukupigia makofi?"

"Uje unisikie. Usipokuja nitasema vile vile."

Alikwenda. Alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Mbele, Bosi alikaa katikati akitabasamu, Nahodha kulia kwake. Mwandishi mmoja akauliza kwa nini wapenzi wa filamu za Nahodha wamengoja miaka mingi kiasi hiki.

"Tulikuwa tunatafuta hadithi nzuri," alijibu Bosi.

"Si kweli," Nahodha akadakia. "Tulikimbia hadithi iliyokuwepo. Katika filamu ya tatu mwenzetu alianguka akavunjika. Tukasema alikataa mkanda. Hakukataa. Kumfunga ilikuwa kazi yangu, na mimi nikasahau."

Bosi akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Una wazimu? Fikiria hadhi yako!"

Nahodha akasimama, akaongea kwa sauti yake tu, bila kipaza sauti. "Huyu hapa aliniletea karatasi imeshaandikwa. Akaniambia nikitia saini filamu itaendelea, nisipotia nitafungwa jela. Nikatia. Yule mwanamke alikuwa mchumba wangu."

"Umetoka kwenye filamu hii! Umesikia? Umetoka!"

"Nimesikia, Bosi. Andika na hiyo, nitatia saini."

Ukumbi ukalipuka. Kamera zikamgeukia Bosi, naye akawa anatafuta mlango. Paka alidhani siku akiyasikia maneno yale atapumua. Badala yake hasira zilimpanda upya, kali kuliko za jana. Alitoka nje kwa mlango wa nyuma. Nahodha alipomfikia, Paka alimpiga mkoba kifuani.

"Dakika mbili!" alimfokea. "Umetumia dakika mbili! Kumbe ilikuwa ni dakika mbili tu!"

"Ndiyo."

"Maisha yangu yote ulikuwa nayo mdomoni!"

"Ndiyo."

"Usinijibu ndiyo, ndiyo!" Akampiga tena, kisha mkoba ukamponyoka, akalia. Nahodha hakumgusa. Aliuokota mkoba, akaushika tu, naye machozi yakimtoka.

Wiki ile kampuni ilimwondoa Bosi, ikaandika taarifa mpya ya ajali na kuisambaza kwa kila chama cha waigizaji. Nahodha ikamrudisha, maana watazamaji walikuja juu. Paka walimwomba aongoze matukio yote ya hatari. Alikubali kwa sharti moja: tukio la daraja aliandike yeye. Katika la kwake mwanamke anaanguka, hakuna anayemdaka, na anapanda mwenyewe.

Siku walipomaliza kulirekodi, Nahodha alimkuta chumba cha mazoezi anapanga magodoro.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Nimekusamehe. Lakini hasira bado ninazo."

"Na ile ndoa yetu?"

Paka alitaka kucheka, akajizuia. "Utamwoa mwanamke mwenye hasira?"

"Nitamwoa nazo."

"Basi nenda kaongee na mdogo wangu. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, na ana maneno mengi ya kukwambia. Uende na moyo wa chuma."

"Leo?"

"Unangoja nini?"

Nahodha alitoka mbio, akasahau koti lake juu ya godoro. Paka aliliokota, akalikung'uta vumbi, akalivaa. Lilikuwa kubwa mno kwake. Hakulivua.