Ukuta wa Nyuma

Jumamosi ile, pale Igogo kwa wauza mbao na milango iliyotumika, watu walikuwa wamejaa kama kawaida. Misumeno ilikuwa inalia, wabeba mizigo wanapiga mbinja wapishwe, vumbi la mbao limetua kwenye nywele za kila mtu. Evelina alikuwa amevaa gauni lake la njano la kutokea, kosa alilolijutia mapema. Ameshika dirisha la zamani la mvule, akahisi linavutwa kutoka upande wa pili.

"Dada, samahani, hili nilishaliona."

"Kuliona hata mimi nimeliona, kaka. Tofauti ni kwamba nimelishika."

Kijana wa upande wa pili akacheka. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, penseli sikioni, ovaroli ya bluu iliyofuliwa hadi ikapauka.

"Unataka kulifanyia nini?"

"Nyumba ya mama yangu ina madirisha sita kama hili. Moja limeoza."

Akaliachia papo hapo. "Hapa hapa Igogo? Na haijavunjwa?"

"Ipo, juu kule kwenye mawe."

"Nionyeshe hiyo nyumba, dirisha chukua. Tena nakubebea."

Aliitwa Odoyo, mtu wa Shirati, mkoani Mara, seremala aliyefundishwa na babu yake kuunganisha mbao bila msumari. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzifufua nyumba za zamani. Alipofika kwa mama yake Evelina, mama Dorotea, alisahau hata kukaa. Alizipapasa kuta nene za mawe ya kuchongwa, akapiga magoti kuutazama mlango, akainua macho darini.

"Shikamoo, mama. Nani alijenga hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Baba yake marehemu mume wangu. Miaka mitatu alijenga."

"Inaonekana. Hakuwa na haraka."

Mama Dorotea akampenda kuanzia hapo. Evelina alijifanya hajampenda, akachukua kama wiki mbili kujifanya.

Odoyo alianza kazi. Alibandua saruji iliyopakwa miaka ya karibuni, akaanza kupiga lipu ya chokaa, laini kama ngozi. Mchana, Evelina akiwa dukani kwake Buhongwa akiuza dawa, simu ilikuwa haikosi kuita.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. We fundi huna kazi?"

"Ninayo. Napaka chokaa kwa mkono mmoja."

"Na ukipinda je?"

"Nikipinda umependa mtu aliyepinda."

"Nani kakwambia nimependa? Nyie watu wa Mara mnajiamini sana!" Wateja wakamwona mtoa dawa wao anacheka peke yake na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi.

Tatizo lilikuwa kaka yake, Masalu. Yeye alitaka nyumba ivunjwe, zijengwe fremu za maduka, mama ahamie kwake Kisesa. Jioni moja alikuja dukani, akasimama mbele ya kaunta bila kusalimia.

"Evelina, fundi wako mwenyewe kaniambia nyumba haifai. Ukuta utaanguka. Wewe anakudanganya ili aendelee kuja."

"Kakwambia Odoyo?"

"Kwa mdomo wake. Muulize."

Alipiga simu pale pale. "Odoyo, umemwambia kaka ukuta wa nyumba utaanguka?"

"Nimemwambia, ndiyo, lakini Eve, sikiliza..."

"Mimi unanificha, kaka unamwambia! Mama yangu analala mle ndani! Usikanyage tena pale."

Akakata simu. Alimfungia na namba, kisha akakaa chini nyuma ya makabati ya dawa akalia, kwa sababu kufunga namba ya mtu ni kazi ya sekunde moja, kumtoa moyoni ni kitu kingine.

Kila jioni alimpigia mama yake aje alale kwake Buhongwa, mama akakataa, na duka halikumpa nafasi ya kupanda Igogo. Siku ya tisa tangu amfungie Odoyo, saa nane mchana, mvua ilishuka Mwanza nzima. Ziwa halikuonekana. Simu iliyoingia ilikuwa ya jirani yao, Gladness, akipiga kelele.

"Eve! Njoo! Ukuta wa nyuma umeanguka wote!"

"Mama yuko wapi? Gladness! Mama?"

Simu ikakatika.

Alipanda bodaboda bila koti. Njia nzima alimpigia mama yake, namba haipatikani. Alipofika Igogo alipanda kilima mbio, viatu mkononi, akiwa amekwisha kumwona mawazoni mama yake chini ya mawe mara mia.

Mama Dorotea alikuwa amekaa barazani kwa Gladness, amejifunika khanga mbili, analalamikia masufuria yake.

"Mama!"

"Nipo, mwanangu. Usinibane hivyo, nitakufa sasa."

Evelina alilia kwa kwikwi mpaka akaishiwa nguvu. Alipoinua kichwa akaitazama nyumba. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala bondeni, lakini paa lilikuwa limesimama pale pale, limeshikiliwa na mirunda minane iliyosimamishwa kwa ndani kama nguzo.

"Nani kaiweka mirunda ile?"

Mama yake akainama. "Odoyo. Asubuhi ya pili baada ya wewe kumfukuza. Akanihamishia kitanda chumba cha mbele. Alisema nisikwambie, utadhani anajipendekeza."

Masalu alifika akiwa ameloa. Alimshika mama yake mkono, akamgeukia mdogo wake.

"Eve, nilikwambia nusu. Alisema ukuta wa nyuma tu, kwa sababu saruji ilifungia maji ndani. Alisema sehemu nyingine yote ya nyumba ni nzima, ila ule ubomolewe ujengwe upya. Aliniambia mimi kwanza tukubaliane mama ahamie wapi kabla ya kukutia hofu. Mimi nilikuwa naogopa mama ataangukiwa siku moja, nikaona nitumie hiyo nafasi. Nisamehe."

Evelina alikuwa ameshatoa simu, anaifungua namba ya Odoyo.

Iliita mara moja tu.

"Eve? Nipo njiani, Gladness kanipigia. Mama mzima?"

"Mzima. Odoyo, nilikukosea."

"Na mimi nilikosea. Ningekwambia wewe kwanza. Nilizoea kuongea na wanaume kuhusu kuta."

"Acha hiyo tabia."

"Nimeiacha tangu siku ya kwanza ya kufungiwa, mpenzi."

Ukuta ulichukua miezi miwili. Masalu mwenyewe alipanda na mawe kila Jumamosi, akajifunza kuchanganya chokaa na mchanga, akaanza hata kuwakosoa wengine. Siku ya mwisho Odoyo alinawa mikono, akasimama na Evelina mbele ya ukuta mweupe, bado unyevu.

"Kazi imekwisha. Sina tena sababu ya kuja hapa."

"Tafuta sababu. Si ndiyo mafundi mnavyofanya?"

"Nimeipata. Wazee wangu wanatoka Shirati Jumapili ijayo, kuja kumwona mama yako." Kwa mara ya kwanza Evelina alimwona hana la kuchekesha. "Nakuomba, Eve. Nataka kukuoa. Ukisema hapana nitawapigia wasipande basi."

"Waache wapande," alisema Evelina. Akamfuta chokaa shavuni kwa kiganja, na hakukiondoa.