Kuezua Bati Wakati wa Theluji

Kila aliporudi kutoka shule, kabla hata hajavua buti, Elinaza alipita sebuleni kuitazama ndoo nyekundu iliyokaa karibu na kochi. Akiikuta na maji, aliibeba hadi bafuni, akaimwaga, akairudisha mahali pake chini ya dari iliyolowa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na kazi hiyo ilimkera kweli. Wenzake walioishi kwenye maghorofa ya Etobicoke, huko Kanada, hawakujua habari za ndoo. Wao wakirudi shule wanakula, wanajitupa mbele ya televisheni.

Kina Elinaza nao walikuwa wameishi ghorofani hadi mwaka 2011, baba yake, Erick, alipopata nyumba ndogo ya zamani mtaa wa pili. Zilikuwepo nyumba nyingine, lakini aliipenda hiyo kwa sababu iliezekwa bati. Majirani wote waliezeka vigae vya lami, yeye akawaona hawajui wanachokikosa. Alikuwa mtu wa Kibosho, kule Moshi, na kwao mtu akiezeka bati anahesabiwa amejenga. Siku ya kuhamia aliipiga picha nyumba kutoka ng'ambo ya barabara, akawatumia ndugu zake wote, na wiki nzima simu haikupumzika.

Sasa dari ilipoanza kudondosha maji, baba aliumia kana kwamba ametukanwa. Hakutafuta sababu. Kwa akili yake, na kwa akili ya kila mtu aliyekulia kwenye mvua za kule, bati likivuja limetoboka, basi. Akamwita Tomasi.

Tomasi alikuwa fundi wa kuezeka. Alikuwa Mtanzania, tena walisali naye jumuiya moja, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Baba alimwita kaka, mama alimwita shemeji, na Elinaza alimwamkia shikamoo anko. Tomasi alipanda juu ya dari na buti zake za kazi na tochi, akakaa huko kidogo, akashuka akijifuta mikono na kutikisa kichwa. Alisema bati limeoza lote. Alisema theluji ikizidi kidogo tu paa litaanguka na watu wakiwa ndani, kwa hiyo lazima liezuliwe mara moja, Januari hiyohiyo, liwekwe jipya.

Baba aliuliza kama haiwezekani kusubiri kiangazi, maana kuifunua nyumba kwenye baridi ile kulimtisha.

"Kaka, ukisubiri kiangazi utasubiri ukiwa hospitali," alisema Tomasi. "Mimi ni mwenzenu. Ningekudanganya ili iweje?"

Baba akatazama chini. Akiba waliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya masomo ya mama. Mama, jina lake Asumpta, alikuwa muuguzi hodari huko Moshi, lakini Kanada ilimtaka asome upya. Basi alipanga mizigo katika ghala moja la Malton, karibu na uwanja wa ndege, akiondoka na basi kukiwa bado hakujapambazuka. Masomo yake yalikuwa yameahirishwa mara mbili. Safari hii alikuwa amekwisha kukubaliwa, aanze majira ya kuchipua. Aliposikia bei ya bati jipya aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Elinaza alimwona, akakasirika. Tena alikuwa na jambo la kusema. Yeye ndiye aliyekuwa akimwaga ndoo kila siku, na alikuwa ameona kitu ambacho wakubwa hawakukiona: siku theluji ilipoanguka mfululizo na baridi ikawa kali ya kuuma masikio, ndoo ilikuwa kavu. Siku jua lilipotoka bila hata chembe ya theluji kuanguka, ndoo ilijaa. Akauliza palepale, kwa Kiingereza kama walivyozoea watoto waliokulia huko, tundu gani hilo linalovuja siku za jua tu.

Tomasi alicheka, akasema watoto wa Kanada wanajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Baba, badala ya kulifikiria swali, aliona aibu mbele ya mgeni. Alimwambia Elinaza kwamba watu wazima wakizungumza mtoto hadakii, na kama hana Kiswahili cha kuongea na wakubwa aende chumbani kwake. Elinaza akaenda. Hivi jamani, mtu anauliza swali la maana anafukuzwa, na anayekwepa kulijibu anaongezewa chai! Alilia kwa uchungu wa kuonewa, akaapa moyoni kwamba hatasema tena kitu nyumba ile.

Kesho yake mama alikuwa na mapumziko. Alimkuta Elinaza amenuna, akamuuliza kinachomsumbua. Mwanzoni alijibu hakuna kitu, kisha maneno yote yakamtoka kwa mkupuo, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika: theluji, jua, ndoo, na chai ya anko Tomasi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi haina haja ya kubishana," alisema. "Lete ngazi tukaone wenyewe."

Walifungua mlango mdogo wa dari, wakapanda na tochi. Baridi ya mle ndani iliwachoma pua. Mama alimulika juu, na upande wote wa ndani wa bati ukaonekana mweupe, umefunikwa barafu nyembamba kama ile inayoganda kwenye kuta za friji. Hakukuwa na tundu. Nje jua lilikuwa linawaka, lakini hakuna mwanga hata kidogo uliopenya. Mama alikwangua barafu kwa ukucha, na chini yake bati likang'aa, zima, halina kutu. Upande uliopigwa na jua barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, na matone yalidondokea dari, juu kabisa ya mahali pa ndoo.

Kisha Elinaza akaona blanketi. Pembeni mwa paa, kila penye tundu la kupitishia hewa, palikuwa pamezibwa kwa mablanketi ya zamani yaliyosokomezwa kwa nguvu. Mama aliyatambua mara moja. Baba ndiye aliyeyaweka mwezi wa Novemba uliopita, akisema wajenzi wa nchi hii ni watu wa ajabu, wanawasha moto chini huku wameacha matundu juu ili baridi iingie. Alijiona ameokoa nyumba. Kumbe matundu yale yaliwekwa kwa makusudi, ili mvuke unaopanda kutoka chini upate pa kutokea.

Na mvuke haukupungua nyumba ile. Kila Jumamosi jumuiya ilikusanyika kwao, na mama alichemsha makande tangu asubuhi kwenye sufuria kubwa mbili, madirisha yamefungwa na feni ya jikoni imezimwa, kwa sababu baba alisema feni inatupa joto la watu nje. Nguo nazo zilianikwa ndani. Mvuke wote ulipanda, ukakosa njia, ukaganda kwenye bati.

Mama alikuwa anataka kushuka aliposimama ghafla. Blanketi lililokuwa karibu kabisa na mlango lilikuwa na alama ya buti ya kazi, imejichora vizuri kwenye vumbi. Baba alipopanda Novemba alikuwa na soksi.

"Amelikanyaga," mama alisema polepole. "Amelikanyaga, ameona barafu, ameona bati zima. Halafu ameshuka kunywa chai yangu."

Elinaza hakuwahi kumwona mama yake na hasira ya namna ile.

Baba aliporudi kazini alipandishwa juu kabla ya kula. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alisema huenda Tomasi hakuona vizuri, na ni mwenzao, na si vizuri kumshuku mtu wanayesali naye.

"Kwa kuwa ni mwenzetu ndiyo maana amejua hutamuuliza," mama alimjibu. "Angekuwa fundi mgeni, ungemwambia akuonyeshe."

Siku Tomasi alipofika kuchukua malipo ya kwanza waliyokubaliana, baba alimpokea vizuri, akamnyooshea tochi, akamwomba apande amwonyeshe tundu moja, moja tu. Tomasi alianza kueleza kwamba bati lina umri, kwamba kutu nyingine haionekani kwa macho. Baba aliendelea kumnyooshea tochi. Mwishowe Tomasi alimtazama Elinaza kwa jicho baya.

"Yaani kaka, unanivunjia heshima kwa maneno ya mtoto?"

"Mtoto aliuliza swali na wewe hukulijibu," baba alisema. "Lijibu sasa."

Tomasi aliipokea tochi, akaiweka mezani, akaondoka akisema watu wa jumuiya watasikia jinsi anavyotendewa.

Jioni ileile mablanketi yalitolewa. Mama akianza kupika, feni iliwashwa, ipige kelele inavyotaka. Barafu ya zamani iliendelea kudondosha kwa muda, kisha ndoo ikakauka kabisa.

Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ambayo Tomasi hakuhudhuria, baba alisimama mbele ya watu waliojaa sebuleni. Haikuwa rahisi kwa mwanamume aliyelisifu bati lake kiasi kile. Aliwaambia kwamba aliziba matundu kwa mikono yake mwenyewe, mvuke ukaganda barafu kwenye bati, na kwamba Tomasi alijua akanyamaza. Wengine waliguna kwamba mambo kama hayo humalizwa faraghani. Lakini mzee mmoja mpole, Japhet, aliyekuwa karibu na mlango, aliuliza kwa sauti ndogo barafu hiyo inafananaje. Na yeye dari yake ilidondosha siku za jua, na Tomasi alikuwa aje kuezua Jumatatu. Wale walioguna walijifanya wanatafuta makoti yao.

Watu walipoondoka, baba alimkuta Elinaza jikoni akikausha sahani. Alichukua kitambaa naye akaanza kukausha.

"Nilikufukuza kwa sababu ya heshima," alisema, "kumbe heshima niliyokuwa nailinda ni ya mtu anayetuibia. Nisamehe, mwanangu. Heshima si kunyamaza ukiona wenzako wanadanganywa. Mtu yeyote akikuharakisha na kukutisha, awe mgeni, awe ndugu, mwambie akuonyeshe. Na ukishaona kitu kwa macho yako, kiseme, hata wakubwa tukikasirika."

Elinaza alimuuliza, safari hii kwa Kiswahili, kama itakuwa hivyo hata siku mkubwa anayekosea akiwa yeye baba.

Baba aliacha kukausha sahani. "Hasa siku hiyo," alisema.

Mezani, mama alikuwa amefungua kitabu chake cha uuguzi, anasoma.